Yatokanayo na Anatoglo

Juu ya redio ya bibi yangu, Ilala, kilitandikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa ua la bluu kwenye kila pembe. Maua matatu yalikaa sawa. La nne lilipinda, petali zake zimebanana upande mmoja kama mtu aliyelalia ubavu. Utotoni tulimwuliza nani alimfundisha kutarizi, naye akajibu neno moja tu: "Anatoglo." Hakusema shule, hakusema chuo. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba Anatoglo ni mwanamke, fundi wa sindano wa zamani hizo, na nilishampa sura kichwani: mnene, mkali, miwani puani.

Nilikuwa darasa la sita nilipojua kwamba Anatoglo ni nyumba. Tulikuwa kwenye basi mimi na babu, tunatoka Kariakoo kwenda Posta. Tulipofika Mnazi Mmoja akanigusa bega na kunionyesha kwa kidevu.

"Ile ndiyo Anatoglo ya bibi yako."

"Na wewe babu, uliwahi kuingia?"

"Mimi pale nimejifunza kukaa kikao."

Akanyamaza, maana konda alikuwa anadai nauli, na mazungumzo yakaishia hapo. Babu alikuwa karani wa stoo bandarini, mtu wa maneno machache. Mimi nilibaki najiuliza: kukaa kikao nako kunafundishwa? Si unavuta kiti tu, unakaa?

Babu alishatangulia mbele za haki. Bibi naye amemfuata. Kitambaa ninacho mimi. Na jibu la kwenye basi nimetembea nalo miaka yote hii, nikisoma hapa na kuuliza pale, mpaka nimeona nikae nilieleze.

Tuanze na jina, kwa sababu jina lenyewe ni safari. George Arnautoglu alikuwa tajiri wa Kigiriki wa hapa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndiye aliyetoa fedha likajengwa jengo la jamii kwa ajili ya Waafrika wa mjini, likapewa jina lake. Wagiriki hawakuwa wageni Tanganyika. Wakandarasi wao walikuwemo kwenye ujenzi wa reli enzi ya Mjerumani, na baadaye wakajulikana kwa mkonge na kahawa. Ila jina hili si la Kigiriki kwa umbo. "Oglu" kwa Kituruki ni mwana wa fulani, na "Arnaut" ndivyo Waturuki walivyowaita Waalbania. Basi jina la Kituruki linalomtaja Mwalbania, akiwa nalo Mgiriki, lilibandikwa kwenye nyumba iliyosimama katika nchi ya Wazaramo, likapita midomoni mwa watu wa Kariakoo likatoka Anatoglo. Wengine wanaandika Arnatoglo, wengine Anatouglou. Mimi naandika kama bibi alivyotamka.

Halafu tuangalie ilipojengwa. Anayepita Mnazi Mmoja leo anaona viwanja, Mnara wa Mwenge wa Uhuru, magari na watu wanaokatisha kwenda Kariakoo. Ni rahisi kudhani kwamba uwazi ule ni bustani iliyobaki kwa bahati. Sivyo. Waingereza waliugawa mji kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na biashara, ambako Wahindi wengi waliishi, na ya tatu ya Waafrika, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Sheria yenyewe haikutamka rangi ya mtu, ilitamka aina ya jengo: ukuta wa nini, paa la nini. Lakini kila mtu alijua ukuta wa udongo ni wa nani na ukuta wa mawe ni wa nani. Kati ya kanda ya pili na ya tatu ikaachwa ardhi tupu, kwa hoja ya afya, ili maradhi yasivuke. Ardhi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Ulikuwa mpaka.

Nyumba ya Anatoglo ikawekwa pale pale mpakani. Mpaka ule ulitengwa ili Mwafrika asivuke kwenda upande wa pili bila shughuli, na sasa anajengewa pale mahali pa kukaa jioni. Kila nikikumbuka hilo nasimama kidogo.

Kwa nini wakati ule, na si miaka ishirini kabla? Sababu kubwa ni vita. Mwaka 1945 na baada yake askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walikuwa wanarudi kutoka Burma. Walikuwa wameona India, wameona Mzungu akiogopa, akijeruhiwa na kufa kama mtu mwingine yeyote, wamepewa bunduki na kuambiwa wanapigania uhuru wa dunia. Sasa wanarudi mjini wana akiba kidogo na maswali mengi. Mji wenyewe ulikuwa unajaa. Sensa ya mwaka 1948 ilikuta Dar es Salaam na watu kama 69,000, na ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Makuli wa bandari walishagoma mwaka 1947, mgomo ukasambaa mpaka kwa wafanyakazi wengine na kupanda juu kwa njia ya reli. Wakagoma tena mwaka 1950, na safari hiyo damu ikamwagika.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na majibu ya aina mbili. Moja ni polisi. La pili ni ustawi. London ilikuwa imepitisha sheria za fedha za maendeleo na ustawi wa makoloni mwaka 1940 na tena 1945, na kwa sehemu ya fedha hizo Tanganyika ikajengewa nyumba za ustawi mijini, ambazo wazee waliziita "welfea". Humo ndani mliwekewa magazeti, redio, chai, bao na drafti, masomo ya jioni kwa wanaume na kushona kwa wanawake. Hesabu yake si ngumu kuisoma: mtu anayecheza drafti hagomi. Ya Dar es Salaam, hii ya Mgiriki, ndiyo iliyokuwa ya kujivunia, ya kuonyeshwa wageni.

Nisingependa kuidharau nia ya waliotoa. Mji ule kila jamii ilikuwa na mahali pake. Wazungu walikuwa na Dar es Salaam Club ufukweni, jengo ambalo baadaye lilikuwa hoteli ya Forodhani na kisha Mahakama ya Rufani. Wagoa walikuwa na klabu yao, Waismailia jamatkhana yao, nyumba ya ibada na mikutano. Familia ya Karimjee nayo ilitoa ukumbi ambao Baraza la Kutunga Sheria lilikutania, na baadaye Bunge letu. Mwafrika wa mjini, aliyekuwa wengi kuliko wote, alikuwa na baraza ya nyumba yake na mwembe wa mtaani. Alipopewa ukumbi wenye paa, taa za umeme na viti, haikuwa zawadi ndogo, hata kama aliyeipanga alikuwa na yake moyoni.

Bibi alikuwa anakwenda mchana kushona. Mwalimu wao alikuwa mke wa Mzungu wa serikalini, na bibi alimkumbuka kwa jambo moja: aliogopa mende. Wanawake walikaa wamezunguka meza, kila mmoja na kitambaa chake na kipande cha karatasi chenye mchoro. Kuna siku, akaniambia, wanaume walikuwa na mkutano wao ukumbini, na sauti zilipanda. Mwalimu akasimama akafunga dirisha. Wanawake wakaendelea kushona.

"Ua hili la nne," akasema, na kidole chake kikaenda penyewe bila kutazama, "nimelishona siku hiyo. Mkono ulikuwa huku, sikio lilikuwa kule."

"Walikuwa wanabishana nini, bibi?"

"Nani awe mwenyekiti. Wanaume wanabishana nini kingine, mjukuu wangu?"

Hakukumbuka mwaka. Nisimbebeshe bibi yangu historia isiyo yake, kwa sababu mikutano ilikuwa mingi na wenyeviti walikuwa wengi. Ila upo mkutano mmoja unaojulikana.

Chama cha African Association kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, katibu wake akiwa Kleist Sykes. Wanachama walijenga ofisi yao kwa michango na kwa mikono yao wenyewe Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Baadaye chama kikaitwa Tanganyika African Association, yaani TAA. Mwaka 1950 uongozi ulishikwa na Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais na Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist na askari aliyerudi Burma, akiwa katibu. Serikali haikumfukuza Kyaruzi kazi. Ilimhamisha tu, kwanza Kingolwira, Morogoro, kisha Nzega. Wakati ule, kumnyamazisha mtumishi kulihitaji barua moja ya uhamisho.

Oktoba 1952 akarudi kutoka Edinburgh kijana wa Butiama, Julius Nyerere, akaenda kufundisha Pugu. Watu wa TAA mjini walimfahamu kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba, hasa kwa Abdulwahid. Na tarehe 17 Aprili 1953 TAA ikafanya uchaguzi wake. Ofisi ya New Street ilikuwa ndogo. Wakakutana Anatoglo.

Nyerere alishinda. Abdulwahid Sykes akawa makamu wake. Inavyosimuliwa, kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, na aliyeshinda hakumzidi mwenzake sana. Joseph Kasella Bantu akawa katibu mkuu, John Rupia mweka hazina, Ally Sykes msaidizi wake. Dossa Aziz na Alexander Tobias wakapewa kazi ya kuandika mihtasari. Kamati ilikuwa na Tewa Said, Hamisi Diwani, Dk. Michael Lugazia, Denis Phombeah, Dome Okochi, Patrick Aoko na wengine. Yasome tena majina hayo taratibu. Mna Mnyamwezi na Mhaya, mna Mnyasa, mna majina ya kando ya Ziwa. Mna Waislamu na Wakristo. Huo ndio mji wa Dar es Salaam ulivyokuwa, wote wamekaa kwenye viti vya nyumba iliyojengwa ili wasiwe na siasa.

Serikali ilishtuka. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, ukatoka waraka wa kuwazuia watumishi wake wasijihusishe na TAA. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Julai 1954, watu kumi na saba wakakutana New Street na TAA ikawa TANU. Kutoka hapo kila mtoto wa shule anaweza kuendelea na hadithi mwenyewe.

Na kwa kuwa kila mtoto anaweza kuendelea, ndiyo maana nyumba inasahaulika. Tunakumbuka nani alishinda. Hatuulizi walikaa wapi, nani aliwafungulia mlango, taa ililipiwa na nani. Nyumba ya Mwalimu ya Magomeni, Mtaa wa Ifunda, ni makumbusho leo, na ni vizuri. Lakini mtu mmoja peke yake nyumbani kwake hafanyi uchaguzi. Uchaguzi unataka chumba ambacho si cha mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa babu.

Kila Mtanzania aliyewahi kuwa kwenye chama chochote, cha siasa, cha ushirika, cha mazishi, cha mpira, anajua kikao kinavyokwenda. Mwenyekiti anafungua. Katibu anasoma muhtasari wa kikao kilichopita, tunauthibitisha. Yanakuja yatokanayo. Zinafuata ajenda. Mwisho, mengineyo, ambapo ndipo ugomvi wote hutokea. Halafu kufunga. Tumezoea mpaka tunadhani tumezaliwa nayo. Neno "yatokanayo" nalipenda kuliko yote. Linasema kwamba kikao cha leo kinadaiwa na kikao cha jana, kwamba kilichosemwa hakikuishia hewani, kuna mtu alipewa kazi na leo atueleze ameifanya au hakuifanya.

Babu aliamini kwamba haya aliyapata Anatoglo. Kwa upande fulani namkatalia, kwa heshima zote. Watu wa pwani walijua kujipanga kabla ya Mwingereza kufika. Vikundi vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, kama Marini na Arinoti, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, adhabu na kushindana kwa nguo na shaba. Vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilikuwa na utaratibu mkali kuliko ofisi nyingi za leo. Vyama vya watu wa nyumbani, vya kuzikana na kupokea wageni, vilikuwa na daftari za michango. Bibi Titi Mohamed hakufundishwa na welfea yoyote namna ya kuwakusanya wanawake mwaka 1955. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, alijua kila kikundi na kiongozi wake, akaenda akawaambia, nao wakaja TANU na dada zao. Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina lake, na naona imekaa mahali pake.

Kwa hiyo Anatoglo haikufundisha kikao. Ilichotoa ni paa, taa, na jambo la tatu ambalo nadhani ndilo babu alilomaanisha. Kikundi cha beni unakaa na wenzako. Chama cha kabila unakaa na ndugu. Msikitini au kanisani unakaa na wa dini yako. Anatoglo ulikaa na mtu usiyemjua, wa kabila usilolijua, mkakubaliana kwamba aliyeketi mbele ndiye anayetoa ruhusa ya kusema, hata kama nyumbani ni mdogo kwako. Babu alitoka kijiji cha Rufiji ambako mkubwa akisema amesema. Alifika mjini, akaambiwa anyooshe mkono, asubiri, aseme, anyamaze, asikilize mwingine akimpinga, na kesho wanywe chai pamoja. Ndiyo, jambo kama hilo lazima mtu afundishwe.

Wakuu wa wakati ule walilalamika kwamba nyumba hizi za ustawi zinatumiwa na makarani na walimu tu, kwamba makuli na wauza samaki hawafiki. Ni kweli, na babu alikuwa mmoja wa makarani hao, mwenye suruali iliyopigwa pasi. Kuli aliyebeba magunia tangu alfajiri hakuwa na haja ya drafti saa kumi na mbili jioni, alikuwa na haja ya kulala. Lakini nyumba haikuwa makarani peke yao. Usiku wa Jumamosi kulikuwa na dansi, kulikuwa na taarabu, na huko hakuna aliyekuuliza umesoma mpaka wapi. Bibi aliniambia kwamba watu waliosimama nje kusikiliza walikuwa wengi kuliko waliolipa wakaingia, na kwamba yeye na mashoga zake walikuwa miongoni mwa wa nje, kanga wamezikaza viunoni, wakicheza kwenye nyasi za Mnazi Mmoja.

Baada ya Uhuru sina mengi ya kusema, na naona ni haki. Nyumba ikawa ya kila kitu: harusi, dansi, mikutano ya chama, semina. Wakati huo mtaa wote ule ulikuwa unabadilisha kazi za nyumba zake. Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU la Lumumba, kabla ya kupanda Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1970 Mwalimu alitangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na popote palipokuwa na paa na ubao palikuwa darasa. Ila lipo jambo la kiserikali ambalo watu hulipita, nami naliona ndilo lililogeuza hatima ya nyumba kama hizi. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani. Zile za miji zikarudishwa mwaka 1978. Miaka sita si mingi kwa nchi, lakini kwa nyumba ya umma ni mingi sana. Nyumba ya umma inaishi kwa mtu mmoja mwenye funguo anayejua kila kikundi kinakuja siku gani. Mtu huyo akihamishwa, na ofisi yake ikafutwa, na faili likahamia mkoani, kile kikundi cha kushona cha Jumanne kinapotea na hakuna anayejua kiliwahi kuwepo. Halmashauri ziliporudi zilirithi jengo. Ratiba haikurudi. Dar es Salaam ikaja kugawanywa Ilala, Kinondoni na Temeke, na mwaka 2021 Jiji la zamani likavunjwa na Ilala ikawa ndiyo Jiji. Kila mara makabati yakahama, na kila mara nyumba za umma zikahesabiwa upya kama mali, chini ya majengo.

Nyingine zilibadilika kabisa. Amana ya Ilala, ambako nusu ya mtaa wetu tumezaliwa, wazee waliijua kwanza kama ukumbi, mahali pa kucheza dansi, kabla haijawa hospitali. Hilo silisikitikii hata kidogo. Mahali mama zetu walipocheza ndipo walipokuja kujifungua, na kama nyumba ina bahati hiyo, bahati gani tena. Kumbi za DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, za Kariakoo na Magomeni Kondoa, zilishika zamu ya muziki kwa miaka mingi, zikatulea na bendi za Mlimani Park na Msondo. Huko ulikwenda kucheza, ukalipa kiingilio, ukanywa. Hukwenda kuchagua katibu.

Anatoglo yenyewe imesimama. Haikubomolewa, na hilo si dogo katika eneo ambalo nyumba za vyumba sita za Kariakoo zimekwisha karibu zote, zikapandishwa maghorofa. Inatumika. Vikao vya serikali vinafanyika humo, wageni rasmi wanakaribishwa, wataalamu wanatoa mada. Nami nimewahi kuingia, nimealikwa kwenye semina ya siku moja, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimepewa maji ya chupa na kalamu. Mwendesha semina alikuwa mzuri, na walinzi walitupokea kwa adabu. Wakati wa chai nilizunguka nikijaribu kubahatisha chumba cha kushona kilikuwa upande gani na lile dirisha alilolifunga yule mama aliyeogopa mende ni lipi. Kijana mmoja wa mapokezi akaniuliza, "Shikamoo, umepotea?" Nikamwambia, marahaba mwanangu, hapana, bibi yangu alikuwa anasoma hapa. Akashangaa: "Kumbe ilikuwa shule?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa nyumba ya mtaa. Nikaona maneno hayo hayampi picha yoyote. Si kosa lake. Yeye amezaliwa katika mji ambao kila mlango una masharti yake. Baa unaingia kama unanunua. Msikitini na kanisani unaingia kama ni wa kwao. Ofisi ya serikali ya mtaa unaingia kama una shida inayotaka mhuri. Ukumbi wa harusi unaingia una kadi. Hajawahi kuona nyumba ya umma ambayo mtu anaingia jioni kwa sababu tu anakaa karibu, akakuta wengine, akavuta kiti.

Jengo likivunjwa tunalililia. Watu wanapiga picha, wanaandika, wanaulizana nani aliruhusu. Lakini nyumba inapobaki na kuta zake zote na rangi mpya juu, halafu wenye mtaa wakawa hawaingii tena isipokuwa wamealikwa, hakuna anayeona msiba. Mimi nauona. Nauona hasa nikiangalia majirani zangu.

Tuna kikundi cha vikoba mtaani kwetu, wanawake ishirini na wawili. Tunakutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, uani kwa mwenyekiti wetu, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Kila mtu anakuja na kiti chake kichwani. Katibu wetu anauza vitumbua asubuhi na ameishia darasa la saba, na muhtasari wake ni safi kuliko mingi niliyowahi kuisoma maofisini. Anaandika kwenye daftari la kurasa 96 lenye jalada gumu: mahudhurio, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo. Wapo kati yetu wa Pemba, wa Kigoma, wa Mtwara, wa Moshi. Asiyeruhusiwa na mwenyekiti hasemi. Wawili wetu hawasalimiani barabarani, lakini kikaoni wanapeana zamu.

Mwaka jana tulikaa tukajadili kutafuta mahali penye paa. Kodi ya chumba cha duka ilitushinda. Shule ilitaka barua, barua ikataka mhuri, mhuri ukataka kikao cha wengine. Ajenda ikaingizwa kwenye yatokanayo, na imo mpaka leo.

Mara ya mwisho tulikuwa tumefika kwenye hesabu za mikopo wingu lilipofunga upande wa Buguruni. Mweka hazina alikuwa amezimwaga fedha kwenye ungo ili wote tuzione, kama ilivyo kawaida yetu. Matone ya kwanza yakaanguka. Wengine wakanyanyua viti, mmoja akaufunika ungo kwa kanga yake, mwenyekiti akasema tumalize hesabu kwanza, katibu akalikumbatia daftari kifuani na huku anaandika. Nilisoma alichoandika nilipokwenda kwake jioni kumrudishia mwavuli. Mwandiko umetawanyika kidogo palipoloa, lakini unasomeka.

"Kikao kimeahirishwa saa 11:40 jioni kwa sababu ya mvua. Ajenda ya ukumbi bado."